Mkono Ulioanzia Kushoto

Mama yangu anakanda matumbo ya wazee waliofunga choo. Zamani nikiulizwa kazini mama yako anafanya nini, nilikuwa najibu kwamba yuko nyumbani tu, maana ukishataja tumbo na choo, watu wanaanza kuiangalia chai yao kwa mashaka. Siku hizi nasema kama ilivyo. Anayeshindwa kumaliza chai yake, shauri yake.

Kuna jambo lilitokea baina yangu na yeye ambalo mpaka sasa sijalielewa vizuri, na nimelizungusha kichwani mpaka kichwa chenyewe kimechoka. Nitalieleza kwa mpangilio, ingawa lilipokuwa linatokea halikuwa na mpangilio wowote.

Mtaani anaitwa Fundi Tumbo. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha mikate, akikanda unga kwa mikono miaka kumi na moja, mpaka ilipoletwa mashine wakamwambia akapumzike. Alipumzika wiki moja. Wiki ya pili mama mkwe wake, yaani bibi yangu mzaa baba, akafunga choo. Bibi ndiye aliyekuwa mkandaji wa eneo zima, na sasa tumbo lililokaza lilikuwa lake, na mtu hawezi kujikanda mwenyewe ipasavyo. Akamwita mkwe wake mwenye mikono ya mikate. Akaushika mkono wa mama, akauweka juu ya tumbo lake na kuuongoza: anza hapa chini, kulia kwangu, juu ya mfupa wa nyonga, panda mpaka chini ya mbavu, vuka juu ya kitovu, shuka upande wa kushoto mpaka nyonga ya pili. Rudia. Mama akauliza kwa nini. Bibi akasema, "Ukiuliza kwa nini mkono unasimama. Wewe kanda."

Basi hivyo ndivyo alivyofuzu. Alimkanda bibi miaka mitatu, na bibi alipofariki kwa uzee wake, wateja wake wakamhamia mama bila hata kuulizana, kama watu wanaohamia dirisha la pili pale la kwanza linapofungwa.

Chumba chake cha kazi ni kile cha nyuma, kilichokuwa cha kaka yangu kabla hajaoa. Kina kitanda kirefu cha mbao kinachomfika mama kiunoni, alichomchongesha seremala baada ya kuumwa mgongo kwa kuinama. Kuna pazia, taulo tatu, kopo la mafuta ya nyonyo linaloogeshwa kwenye beseni la maji ya moto, chupa ya chai iliyojaa maji ya uvuguvugu, na vigoda sita vifupi. Vigoda ni vya kuazima. Mzee anaondoka nacho, anakiweka chini ya miguu akikaa chooni ili magoti yapande juu. Kila mmoja anaapa kukirudisha, na mama anachongesha vingine.

Linapokuja suala la choo, wazee ni waongo wasio na aibu. Ukimuuliza mzee umepata choo lini, atakuambia jana. Jana hiyo inaweza kuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Mama hawabishii. Anawalaza, anapaka mafuta, anafumba macho na mdomo, mkono wake unaanza safari. Hataki mtu aongee mkono ukiwa juu ya tumbo. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani anasali. Akimaliza anafumbua macho na kusema, "Siku nane," na mzee anaanza kukohoa na kutazama ukuta.

Nilichokuwa nakiona cha ajabu ni namna alivyotofautisha. Choo kilichokauka, alinieleza, kinabonyea. Ukikikandamiza kwa kidole gumba kinaacha shimo, kama unga uliokandwa juzi. Kinaweza kuwa kigumu mpaka ukashangaa, lakini ukikibembeleza kinabonyea na kinasogea. Kisichobonyea wala kusogea hakigusi tena. Hapo anafuta mafuta kwa taulo, anamfunga mgonjwa vifungo mwenyewe, na kumwambia aende hospitali leo hii, si kesho. Katika miaka kumi na tisa alikuwa amewaambia hivyo watu wanne. Wawili ninawaona mpaka leo wakienda sokoni. Mmoja alikasirika asiende. Wa nne sikumbuki.

Sasa nije kwangu mimi, mjuaji.

Mimi ni karani wa mapokezi katika zahanati. Naandika majina, natafuta mafaili, nawaambia watu wasubiri. Si kazi ya uganga, lakini ukikaa miaka saba kwenye meza inayonuka dawa unaanza kujisikia nawe umesomea kidogo. Ndugu wakiumwa wananipigia simu mimi, nami najibu. Sijawahi kumwambia mtu sijui. Nilikuwa naona kusema hivyo ni kuiaibisha meza.

Jumatano moja muuguzi wetu alibandika picha mpya ukutani, mkabala na meza yangu. Ilikuwa picha ya mzee amesimama, shati limefunguliwa, na juu ya tumbo lake mishale minne mikubwa myekundu inayoonyesha jinsi ya kukanda tumbo la mtu mwenye choo kigumu. Mimi nilivimba kichwa. Kazi ya mama yangu, ile niliyoificha wakati wa chai, ilikuwa imebandikwa ukutani kwa rangi. Watu walipopungua nilikwenda nikasimama mbele yake kama nisimamavyo mbele ya kioo, nikaufuata mshale kwa mkono wangu juu ya tumbo langu. Mshale wa kwanza ulikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto. Nikaweka mkono kushoto. Nikapanda, nikavuka, nikashuka kulia.

Nikarudia mara tatu. Kisha nikakaa, kwa sababu mama anaanzia kulia.

Mtu mwenye busara angemuuliza muuguzi, aliyekuwa hatua sita kutoka pale. Mimi nilichukua fomu iliyoharibika, nyuma yake nikachora tumbo na mishale, nikaandika kwa kalamu nyekundu ANZA KUSHOTO, nikaikunja na kuitia mkobani. Nilikuwa na furaha, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nilikuwa nakwenda nyumbani na habari.

Mama alikuwa anakunja taulo. Nikaitandaza karatasi juu ya kitanda chake, nikamweleza, na kumwonyesha juu ya tumbo langu. Aliitazama muda mrefu. Mama aliishia darasa la nne, na karatasi yoyote yenye mihuri ya zahanati anaishika kwa mikono miwili.

"Hii wameitoa wapi?" akauliza.

"Ni ya wataalamu, mama. Imebandikwa."

"Kwa hiyo mimi nawarudishia?"

"Nini?"

"Choo. Kikitaka kutoka, mimi nakirudisha ndani. Miaka yote hii." Akakaa kwenye kile kitanda, na sikuwahi kumwona akikaa pale, ni cha wagonjwa. "Sasa wale waliopona, walipona na nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini jibu nilikuwa nalo, na jibu likiwa mdomoni mwangu huwa halikai. Nikamwambia labda ni maji ya uvuguvugu. Labda ni kigoda. Labda ni kwa sababu wanapata mtu wa kuwasikiliza, wazee wengi ni wapweke. Nilisema yote hayo kwa upole, kwa sauti ile ninayowaambia watu faili lako limepotea.

"Maji," akasema mama. "Na kigoda."

Kesho yake akaanza kukanda upya, na kichwa chake kikavurugika, na nyumba nzima ikavurugika naye. Mikono ilikuwa imeizoea njia yake miaka kumi na tisa. Anaanza kushoto vizuri, anapanda, akifika chini ya mbavu mkono unageuka wenyewe unarudi ulikozoea, anaukamata na kuurudisha. Nilimkuta mara kadhaa amesimama juu ya mgonjwa, mikono hewani, anatazama dirishani. Alifunga uzi mwekundu kwenye mguu wa kitanda upande wa kushoto. Halafu mgonjwa mmoja kiziwi kidogo akalala kichwa kilipo miguu, na uzi ukawa kulia, na mama akapoteza nusu ya asubuhi. Jioni nikirudi ananiuliza kabla sijavua viatu, "Nisomee tena. Naanzia wapi?" Namsomea. "Kushoto kwake au kwangu?" Kwake, mama. "Akilala je?" Akilala vilevile. Nami nikimjibu nilikuwa nashika nyonga yangu kwa siri ili nisikosee.

Usiombe kuona fundi asiyejua aanzie wapi. Alikuwa anaizoeza mikono kwenye mto. Sahani zilimponyoka. Alianza hata kuniuliza chumvi inatosha, mwanamke aliyepika kabla mimi sijazaliwa.

Wateja walilalamika. Mzee wa Saa, fundi saa wa karibu na kituo cha posta, mteja wa tangu enzi za bibi, alisema safari hii tumbo lake limenuna. Mama akamwomba radhi. Akamwambia kuna utaratibu mpya na mwili utazoea. Mzee wa watu akachukua kigoda cha pili akaondoka. Wengine walipata choo kama kawaida, na hilo likatuchanganya zaidi. Kama njia ya zamani ilikuwa kosa na wakapona, na ya sasa ndiyo sahihi na wengine wanapona na wengine wananuna, basi mikono ina kazi gani? Mama aliniuliza hivyo hivyo, tukiwa tunaosha vyombo. Nikasema inahitaji muda.

Halafu akaja Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada yake mama wa kuzaliwa, amemzidi miaka tisa. Alipika katika shule ya bweni miaka ishirini na sita, na mpaka leo anaongea kana kwamba kila mtu yuko upande wa pili wa bwalo. Tumbo lake ni sugu tangu alipostaafu. Yeye husema ni kwa sababu alizoea kwenda chooni kengele ikilia, na siku hizi hakuna kengele. Alikuwa akija kila Jumanne, anakandwa, anakunywa maji, anatusema wote mmoja mmoja, anaondoka.

Jumanne hiyo nilikuwa na likizo. Nilisimama mlangoni nikiwa na kikombe changu. Niliona sketi imemlegea kiunoni, ameikaza kwa pini. Nikamtania kwamba anataka kuolewa tena. Akasema wanaume wa siku hizi hawali, yeye apike nini.

Mama akapaka mafuta. Akafumba macho. Mkono ukaanza kushoto, chini, juu ya nyonga, kama nilivyomfundisha. Na pale pale ukasimama.

Ukarudi nyuma kidogo, ukaja tena. Kidole gumba kikakandamiza, kikasubiri, kikakandamiza kwa pembeni. Nilimjua mama. Nilijua kinachofuata ni taulo. Atafuta mafuta, atamfunga dada yake vifungo, atasema leo hii, si kesho. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshakwenda upande wa taulo, hilo nililiona kwa macho yangu.

Akafumbua macho. Hakumtazama dada yake, alinitazama mimi.

"Hapa pana kitu," akasema. "Hakibonyei." Kisha akaanza kubabaika. "Lakini zamani hapa nilikuwa nafika mwisho. Sasa naanzia. Labda nakikuta kwa nyuma. Labda mimi ndiye ninayekisukuma kinakaza. Kwenye karatasi, hapa wanasemaje?"

Karatasi haikusema lolote kuhusu hapo. Ilikuwa na mishale tu. Na mimi, karani wa kuandika majina, nikanywa funda moja na kusema, "Hapo ndipo mwanzo, mama. Mwanzoni lazima kiwe kigumu. Endelea tu, kitalainika."

"Nyie wawili mmeamua nini juu ya tumbo langu?" akauliza Mama Mkubwa.

"Lala, dada," mama akasema. "Bado najifunza."

Akakanda. Jumanne iliyofuata akakanda tena. Na iliyofuata. Kila Jumanne jioni nilimkuta ameikunjua ile karatasi mezani, na mara moja alisema, bila kuniuliza, "Bado hakibonyei," na mimi nikamwambia wazee huchelewa. Jumanne tano. Nikihesabu leo natamani nihesabu vibaya.

Wiki ya sita, siku ya Jumatatu, Mzee wa Saa akaja zahanati kupima presha. Nilimwandika, nikamwambia asubiri. Akaketi mbele ya ile picha. Hana subira ya kukaa bure, kwa hiyo akaitazama. Baada ya muda akacheka peke yake.

"Binti," akaniita, "kumbe mama yako yuko ukutani. Ila huyu anakanda vizuri, kama mama yako wa zamani."

Nikamwambia hapana, mzee, huo ndio utaratibu mpya. Huu anaofanya sasa.

"Huu?" Akainuka kwa kushika magoti. "Sikiliza. Mimi saa naifungulia mgongoni. Miaka hamsini naitazama kwa nyuma, na ukiitazama saa kwa nyuma, mishale inakwenda kinyume. Kwa hiyo nimezoea kujiuliza, mimi niko upande gani. Huyu mzee wa pichani anakutazama wewe. Kulia kwake kuko kushoto kwako. Huu mshale unaanzia kulia kwake." Akauweka mkono juu ya tumbo lake, kulia, juu ya nyonga, akapanda, akavuka, akashuka. "Mama yako miaka yote alinipeleka hivi. Juzijuzi ameanza kunirudisha nyuma. Nikasema labda amechoka, mtu hamfundishi fundi akiwa amelazwa chali."

Nikamwambia aketi, presha itapanda. Presha iliyopanda ilikuwa yangu. Nilikwenda kwenye picha nikasimama, nikaangalia. Nikageuka nikaipa mgongo, ili mimi na yule mzee tutazame upande mmoja, nikaweka mkono. Kulia. Bibi yangu aliyekufa bila kujua kusoma alikuwa ameiweka mikono ya mama palepale.

Watu kwenye mabenchi walimwona karani wao anajikanda tumbo mbele yao. Na mimi badala ya kufikiria picha, au mama, au aibu, nilifikiria kidole gumba. Kidole gumba kilichokandamiza, kikasubiri, kikakandamiza kwa pembeni. Kama njia ilikuwa sahihi tangu mwanzo, basi na kile kidole kilikuwa sahihi.

Sikumwambia mama. Naomba mtu anielewe, ingawa mimi mwenyewe sijielewi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mkubwa nikamwambia tuna daktari mgeni kesho hospitali kubwa, twende akuangalie tumbo. Jioni nikamwambia mama vilevile. Nilidhani atauliza kulikoni. Hakuuliza. Alikubali haraka mno, akaenda kumpigia dada yake pasi gauni la kuendea.

Walimpima, wakampiga picha, wakaturudisha siku ya tatu. Ulikuwa uvimbe kwenye utumbo, chini, kushoto. Wakamlaza. Wakampasua siku ya tisa, wakatoa walichoweza kutoa, na kilichobaki kikaachiwa dawa. Utumbo waliutokeza pembeni mwa tumbo, ukafungwa kifuko cha kupokea choo. Nilimfuata daktari kwenye korido nikamuuliza, nikijifanya nauliza kwa ajili ya kujua tu, kama wiki tano zingesaidia. Alikuwa na usingizi machoni. Akasema huenda zingesaidia na huenda zisingebadili kitu, kwa sababu vitu hivi hukaa muda mrefu kabla ya kugundulika, na yeye hawezi kuapa upande wowote. Nimelichukua jibu hilo nikalala nalo kila upande na bado sijapata namna ya kulilalia.

Siku ya tatu baada ya upasuaji tulikuwa tumeketi kwenye benchi nje ya wodi, tukisubiri wamalize kumsafisha. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani, viganja juu, kama mtu aliyeazimwa kitu akarudishiwa kikiwa kimeharibika.

"Nitaacha kazi," akasema. "Kitanda mpe kaka yako. Nilikigusa, mwanangu. Jumanne ya kwanza nilikigusa, na sikujua nimegusa nini. Mikono hii haijui kitu. Uliniambia, ni maji na kigoda."

Ningeweza kunyamaza. Hilo nalikiri, nililipima. Nikinyamaza, ataamini mikono yake ni mibovu, na ataishi hivyo. Nikisema, atajua kwamba mikono ilikuwa mizima na mdomo wangu ndio uliokuwa mbovu. Sikujua lipi litamuumiza zaidi, na nilipofumbua mdomo bado nilikuwa sijui.

Nikamweleza. Picha, kioo, kulia kwake, kushoto kwangu, Mzee wa Saa. Nililia nikiwa naeleza, na mama hakunizuia wala hakunifuta. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilikuwa najua," akasema.

"Ulikuwa unajua, mama."

Nilitegemea kofi. Au nilitegemea shukrani, sijui, uso wa mtu aliyerudishiwa kilicho chake. Akavikunja vidole vyake taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Basi ningesema siku ile," akasema. "Ningesema tu, hata kama karatasi inakataa. Kwa nini sikusema?"

Aliniuliza mimi kwelikweli, akisubiri jibu. Muuguzi akafungua mlango. Mama akainuka akaingia, na mimi nikabaki nimesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje.

Mama Mkubwa alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Sauti ilikuwa imemwishia, lakini si yote.

"Dada," mama akamwambia, amesimama wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, "nilikigusa Jumanne ya kwanza. Nikajitilia shaka mwenyewe. Nisamehe."

"Mwenyewe," Mama Mkubwa akasema.

"Mwenyewe."

"Nilikuwa nimelala pale, mdogo wangu. Chali, lakini macho ninayo. Ulitazama mlangoni." Akavuta pumzi. "Mwite aje. Naona kikombe hakipo leo."

Nikaingia. Sikuwa na pa kuweka mikono yangu. Nilianza kusema nisamehe na maneno yakagongana, nikaanza upya, yakagongana tena. Akanyoosha kidole kwenye kiti.

"Kaa. Hutakufa, na mimi sijafa. Mama yako haoni vizuri maandishi madogo, na mimi ndiyo kabisa." Akatoa chini ya mto karatasi waliyopewa asubuhi, ya dawa na ya kutunza kile kifuko, kurasa mbili zimejaa. "Wewe ndiye msomi wetu. Hatuna mwingine. Nisomee polepole, na ukifika mahali hujui, useme hujui."

Mama akavuta kiti cha pili, akakaa upande wangu kusikiliza. Wote wawili walikuwa wananitazama. Nikasoma mstari wa kwanza, jina lake na tarehe. Nikasoma wa pili. Katikati ya wa tatu kulikuwa na neno refu. Nililiangalia, nikaliangalia tena, na mdomo wangu ukawa tayari una maana yake, imepangwa vizuri, inasubiri kutoka. Nikaufunga.

"Hili," nikasema, "silijui."

Mama Mkubwa akageuza kichwa chake polepole kwenye mto. "Kamuulize muuguzi," akasema. "Yuko hapo mlangoni."

Nikaenda kumuuliza.